Arobaini ni nyingi au kidogo?

Fundi aliniuliza swali hilo akiwa amesimama juu ya lundo la mchanga, simu mkononi. Pembeni, chini ya mwembe, mifuko 30 ya saruji ilikuwa imepangwa na kufunikwa turubai lenye matundu. "Bosi, hapa simu inasema kesho mvua asilimia 40. Sasa arobaini ni nyingi au kidogo?" Asubuhi yake tulikuwa tumwage jamvi. Ilikuwa Aprili, mwezi ambao mtu wa Dar es Salaam hata akiona jua la kuchoma anatoka na mwavuli.

Nilikaribia kumjibu papo hapo, maana mimi ni mmoja wa wale wanaoitwa, kwa utani wenye ncha, wapenzi wa hali ya hewa. Tupo wengi kuliko mnavyodhani: mwalimu wa jiografia, dereva wa lori la Tunduma, nahodha wa boti ya uvuvi, kijana wa kompyuta ambaye hajawahi kulima hata tuta la mchicha. Tukikutana hatuulizani habari za mpira. Tunaulizana kama kaskazi imeshakata, kama umeliona lile wingu la jana juu ya Madagaska, kama ramani ya saa 9 usiku imebadilika. Hilo la saa 9 usiku si utani. Modeli kubwa ya kompyuta ya Marekani, GFS, hukokotoa hali ya hewa ya dunia nzima mara 4 kwa siku, na kwa saa zetu mizunguko hiyo huanzia saa 9 usiku, saa 3 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 3 usiku. Matokeo hutoka saa kadhaa baadaye, na wapo wenzangu wanaoyaamkia kama wengine wanavyoamkia daku.

Lakini kwa fundi nilikwama. Nilijua 40 yake imetoka wapi. Kama ni nyingi au kidogo, sikujua. Na kadiri nilivyolifikiria swali lake ndivyo nilivyoona kwamba sisi wapenzi, pamoja na wachora ramani na watangazaji wa runinga, tumekuwa tukilikwepa kwa miaka.

Tuanze na namba yenyewe. Arobaini maana yake ni kwamba ukikusanya siku 10 zenye dalili kama za kesho, 4 zitanyesha na 6 zitapita kavu. Haina maana kwamba itanyesha kwa asilimia 40 ya mchana, wala kwamba mvua itakuwa na nguvu ya asilimia 40. Haisemi hata kama ni manyunyu au gharika. Na hapo ndipo swali la fundi lilipoizidi akili namba: nyingi kwa nani? Mama mwenye nguo za watoto akisikia 4 kati ya 10 anaanika. Mawingu yakifunga, anaanua. Zege bichi halianikwi wala halianuliwi. Mvua kubwa ikilipiga jamvi kabla halijashika, saruji ya juu inaoshwa, kokoto zinabaki zinachungulia kama meno. Kwa mama, 40 ni kidogo. Kwa fundi ni nyingi mno. Na wote wawili wamesoma simu ileile. Utabiri unakupa nusu ya hesabu. Nusu iliyobaki, yaani utapoteza nini ikinyesha na utapoteza nini ukiahirisha bure, iko mfukoni mwako, na hakuna setilaiti inayoiona.

Hakuna anayelisema hili waziwazi. Simu yenyewe haisemi. Inachora kiwingu chenye matone, basi. Na programu nyingi za simu zina tabia moja ambayo ukishaijua hutaiamini tena picha peke yake: kiwingu cha siku nzima huchaguliwa kutokana na hali mbaya zaidi inayotarajiwa siku hiyo. Radi moja ya nusu saa jioni inatosha kuifanya Jumanne nzima ichorwe radi. Ndiyo maana masika ukifungua simu unakuta wiki nzima imejaa radi tupu, halafu unaanika mpunga siku nne mfululizo bila tone.

Kuna na suala la ukubwa. Modeli hizi huigawa dunia katika viboksi. Cha GFS kina upande wa kilomita 13 hivi. Cha kituo cha Ulaya, ECMWF, ni kilomita 9. Kati ya Posta na Kimara, basi, kuna kiboksi kimoja au viwili. Wingu la radi la mchana linaweza kuwa na upana wa kilomita 3 tu. Kila mkazi wa Dar anajua kwamba mvua ya Kimara haina udugu na mvua ya Kariakoo, ila akishika simu anasahau, anataka namba moja imwambie habari za dirisha lake.

Sisi tuliolelewa na Redio Tanzania tulisikia utabiri kwa maneno matupu: mawingu kiasi, mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua. Tulikuwa tukicheka, kwa kuwa sentensi hiyo haikuweza kukosea. Leo nikiitazama naiona ina uungwana fulani. "Maeneo machache" ni kukiri kwamba wapo watakaokosa, jambo ambalo kiwingu cha simu hakilikiri.

Picha za siku hizi zimependeza kupita kiasi. Chukua Windy, programu iliyoanzia Jamhuri ya Czech mwaka 2014. Upepo unatiririka juu ya bahari kama nywele zinazochanwa. Ukivuta kidole, wiki ijayo inatembea mbele ya macho yako. Hapo ndipo mtego ulipo. Picha inayotembea inafanana na video, na video tumezoea kuwa ni ya jambo lililokwisha kutokea. Siku ya 10 imechorwa kwa wino uleule wa kesho, mistari imekolea vilevile. Ilhali hewa ni kitu ambacho kosa dogo la leo, nyuzi joto iliyosomwa vibaya juu ya bahari ambako hakuna mtu, linaweza kuwa kosa la nchi nzima baada ya siku kumi. Wataalamu wanalijua hilo, ndiyo maana ECMWF huikokotoa hali ya hewa ileile mara 50 na zaidi, kila mara ikiwa imechokonolewa kidogo mwanzoni. Mistari ya njia za kimbunga ikiwekwa pamoja huonekana kama tambi. Tambi zikienda kwa kushikana, unaweza kupanga safari. Zikitawanyika kama zilizomwagwa sakafuni, huo nao ni utabiri: unakwambia bado hakuna anayejua.

Dhambi ya mpenzi wa hali ya hewa ni kuchagua tambi moja, ile ya kutisha, na kuituma kwa ndugu. Nimeifanya. Mwaka mmoja, Machi, niliona kimbunga kizito kikielekea Tanga, siku 11 mbele. Nikampigia shemeji yangu aliyekuwa na safari ya Pemba kwa boti. Akaahirisha, akapoteza nauli. Siku ilipofika bahari ilikuwa shwari kama maji ya kunawa. Mpaka leo akinipigia simu anaanza kwa kuuliza, "Habari za kimbunga, shemeji?"

Tena vimbunga ndivyo vinavyotuvunjia heshima kuliko kitu kingine. Pwani yetu ina bahati ya kukaa karibu na ikweta, mahali ambapo nguvu ya mzunguko wa dunia, ile inayoufanya upepo ujizungushe, ni dhaifu. Vimbunga vingi vinavyofika nchi kavu upande wetu wa Bahari ya Hindi hupiga Madagaska na Msumbiji. Lakini tarehe 15 Aprili 1872 kimoja kilipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzizamisha merikebu za Sultani Barghash. Pemba ikaponea, na ndiyo maana hadi leo karafuu ni Pemba. Miaka 80 baadaye, tarehe ileile, 15 Aprili 1952, kingine kikaingia Lindi. Halafu kimya kirefu, kirefu kiasi cha watu kuamini kwamba jambo hilo haliwezekani huku.

Aprili 2019 kikaja Kenneth. Mtwara ilijiandaa, watu wakahamishwa, kisha kimbunga kikaingilia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Aprili 2021 kikaja Jobo, njia yake ikachorwa moja kwa moja mpaka Dar es Salaam. Nakumbuka mtaani kwetu mabati yalivyowekewa mawe na matairi mabovu. Jobo akafia baharini kabla ya kufika, jua likawaka, na kijiwe kizima kikawa na neno moja: wametudanganya. Hakuna aliyedanganya. Mchoro ulionyesha njia na ulionyesha kwamba kinaweza kudhoofika. Watu walibeba njia, wakaliacha neno "kinaweza" mezani.

Ndipo tukafika Mei 2024 na Hidaya. Jina zuri, kwa Kiswahili maana yake zawadi. Tarehe 4 Mei, Jumamosi, Hidaya alifika Kisiwa cha Mafia. Boti za Zanzibar zilisimama. Kwa watu wa Dar ilikuwa upepo wa kusumbua na mvua ya kawaida ya masika, na kufikia usiku Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ikatangaza kwamba kimepoteza nguvu. Utani ukaanza upya: kimbunga kiko wapi? Kilikuwa Kilwa na Lindi. Barabara ya kusini ilikatika maeneo ya Somanga, mikoa miwili ikabaki upande wa pili wa maji, na wakati huohuo mtu wa Sinza alikuwa akiandika kwamba watabiri hawajui kazi.

Nusu ya lawama naiweka kwenye mchoro. Njia ya kimbunga huchorwa na kivuli kinachopanuka kuelekea mbele, kama koni ya askrimu iliyolazwa. Watu wengi, hata waliosoma, huamini kwamba upana wa koni ni upana wa dhoruba: kimbunga kinakua, kinameza mikoa. Wengine huamini kwamba aliye nje ya koni amesalimika. Yote mawili si kweli. Koni inaonyesha mahali ambapo jicho la kimbunga linaweza kupita, na inapanuka kwa kuwa uhakika unapungua. Mvua na upepo havina mkataba wa kubaki ndani yake. Mchoro unaoeleweka kinyume na watu wengi namna hiyo una kasoro hata kama hesabu zake ni sahihi, na kuwaambia watu wasome maelezo ya chini ni kutaka wafanye kazi ya mchoraji.

Lakini kwangu mchoro wenye madhara makubwa zaidi ni ule mpole wa utabiri wa msimu, kijani huku, kahawia kule. Tangu 1998 wataalamu wa nchi za ukanda wetu wamekuwa wakikutana kabla ya msimu, siku hizi chini ya kituo cha hali ya hewa cha ICPAC nchini Kenya, na kutoa ramani ya mvua zinazotarajiwa: juu ya wastani, wastani, au chini ya wastani. Jinsi inavyotengenezwa si siri. Unachukua misimu 30 iliyopita, unaipanga kuanzia mkavu hadi wenye mvua nyingi, unaikata mafungu matatu ya misimu 10. Bila kujua lolote, kila fungu lina nafasi ya theluthi moja. Utabiri unasogeza nafasi hizo: mathalani 45 kwa fungu la juu, 35 kwa la kati, 20 kwa la chini. Kisha eneo hupakwa rangi ya fungu lililoongoza.

Hapo mkulima wa Same anaona kijani. Gazeti linaandika "Mvua kubwa zaja". Afisa anahimiza mpunga. Na ndani ya kijani hicho kuna 55 kati ya 100 kwamba mvua haitakuwa juu ya wastani. Kijani cha 45 na kijani cha 70 hutofautiana kwa kukolea tu, na kwenye simu yenye kioo kilichopasuka tofauti hiyo haionekani. Zaidi ya hapo, "wastani" ni wa mahali pale. Dodoma hupata milimita 570 hivi kwa mwaka. Msimu wa juu ya wastani Dodoma bado ni ukame mbele ya mtu wa Bukoba. Rangi ni moja, matope siyo.

Mwaka 2023 ulionyesha upande wa pili. Wataalamu walikuwa wameshasema: El Nino ipo, vuli itakuwa nzito. Mwanzoni mwa Oktoba Rais William Ruto wa Kenya akawaambia wananchi kwamba ushauri mpya unaonyesha mvua zitakuwa nyingi lakini hazitafikia uharibifu wa El Nino. Mjadala mzima ukahamia kwenye jina: ni El Nino au si El Nino? Kufikia mwisho wa mwaka mafuriko yalikuwa yameua watu zaidi ya 100 nchini Kenya. Huku kwetu, tarehe 3 Desemba, matope ya Mlima Hanang yaliifukia Katesh, na waliokufa walizidi 80.

Jina hilo limetupotosha tangu mvua za 1997. El Nino ni joto la Bahari ya Pasifiki, upande wa pili wa dunia. Vuli yetu humsikiliza zaidi jirani, Bahari ya Hindi: upande wetu wa magharibi ukiwa na joto kuliko ule wa Indonesia, mawingu huhamia huku. Mwaka 2015 El Nino ilikuwa kali, ila gharika iliyotangazwa haikuja kwa kiwango cha 1997. Mwaka 2019 hakukuwa na El Nino ya kutajwa, lakini tofauti ile ya Bahari ya Hindi ilikuwa kubwa ajabu, na vuli ikafurika Kenya na Tanzania. Mwaka 2023 vyote viwili vilikutana. Anayesubiri kusikia neno El Nino ndipo azibue mtaro amelala mlango ambao mwizi hapitii.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Taarifa za TMA za siku tano zina kitu ambacho ningependa kila mtu akikodolee macho kabla ya rangi. Kuna ngazi tatu, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, lakini chini yake kuna mistari miwili: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Kila mmoja huandikwa mdogo, wastani au mkubwa. Huo ndio mgawanyo aliouhitaji fundi wangu. Jambo linaweza kuwa na uwezekano mdogo na athari kubwa, na mtu wa bondeni Jangwani akalala kwa shangazi yake usiku huo. Kinachotokea ni kwamba mtu anaikata picha ili itoshe kwenye simu, mistari miwili inakatika, inabaki ramani ya manjano na maneno "MTWANGIE NA MWENZIO". Sisi wapenzi ndio wakataji wakubwa. Sisemi tuwe watabiri. Tahadhari ya kimbunga lazima itoke mdomo mmoja, na kwa Tanzania mdomo huo ni TMA. Ila tunaweza kuacha kukata.

Neno lenyewe, utabiri, halitusaidii. Limekaa karibu mno na ramli. Mtabiri akikosa ni mwongo, basi. Na hapa kuna kichekesho ambacho wazee wa pwani watakicheka kuliko mimi. Mabaharia wa zamani waliuhesabu mwaka kwa siku kuanzia Nairuzi, ambayo Makunduchi bado wanaiadhimisha Julai kwa Mwaka Kogwa, na kila siku 10 ziliitwa mwongo. Nahodha alijua mwongo upi kusi inaanza, mwongo upi bahari inafungwa, mwongo upi upepo wa matlai unaleta afueni. Kwake mwongo ulikuwa kalenda ya kuaminika. Hakudai kujua Jumanne kutakuwaje; alijua siku kama hizi, kwa miaka mingi, huwaje. Ukiitoa kompyuta, hiyo ndiyo hesabu ya 4 kati ya 10.

Naamini njia ya kuirudisha hesabu hiyo inapitia kwa watoto, na hapa nina ugomvi. Nenda darasa la chekechea uangalie bango la hali ya hewa ukutani. Jua lenye tabasamu, sawa. Wingu, sawa. Halafu mtu wa theluji mwenye pua ya karoti, na mtoto aliyevaa skafu. Chini yake majira manne, majani yanapukutika kwa rangi ya chungwa. Binti yangu alirudi nyumbani akiniuliza theluji inaanza lini Tabata. Kazi yenyewe waliyopewa ilikuwa kupaka rangi. Wanapaka jua njano, wingu bluu, wanapewa nyota, wanaenda kunywa uji. Hakuna masika, vuli, kipupwe wala kiangazi, na hakuna aliyetoka nje kutazama juu.

Kwa hiyo tukachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu. Unaikata chini ya mabega, kichwa unakigeuza kinakuwa faneli mdomoni mwa kiwiliwili. Chini unatia kokoto isiangushwe na upepo, kisha maji hadi pale ambapo chupa inaanza kunyooka. Hapo unabandika sifuri ya rula kwa selotepu. Unaiweka uwanjani, mbali na upenu na mwembe. Kila siku saa 3 asubuhi, saa ambayo vituo vyetu vya hali ya hewa husoma mvua ya saa 24 zilizopita, mtoto anapiga magoti, jicho usawa wa maji, anasoma, anaandika, anamwaga mpaka sifuri. Siku za shule tunasoma saa 12 na nusu. Sayansi na ivumilie.

Somo la kwanza lilikuja siku ya pili na lilinipata mimi. Usiku kulikuwa na kishindo juu ya bati, nikasema hii si chini ya milimita 30. Chupa ikasema 6. Bati ni mwongo mkubwa, wa ile aina nyingine. TMA inapotaja mvua kubwa huzungumzia zaidi ya milimita 50 kwa saa 24, na mtu ambaye hajawahi kupima hata 6 hawezi kujua 50 ni nini. Binti sasa anajua. Anajua pia kwamba milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo bati letu la mita 10 kwa 5 likipata milimita 20 linamwaga lita 1,000, simtanki nzima. Hesabu hiyo aliifanya kwa kidole hewani, halafu akaniuliza kwa nini hatuna mfereji wa kukingia. Sikuwa na jibu zuri.

Jirani naye akawawekea wanawe chupa, nyumba kama saba kutoka kwetu. Asubuhi moja sisi tulikuwa na 14, wao 3. Watoto walikaribia kupigana, kila upande ukidai mwenzake amemwaga. Ugomvi ule wa dakika kumi uliwafundisha maana ya "mvua katika maeneo machache" kuliko ambavyo ningeweza mimi.

Lakini mchezo ninaoupenda kuliko yote ni wa maharage. Kila jioni mtoto anapewa punje 10 na vikombe viwili, cha mvua na cha kavu. Anatazama mawingu, anauliza upepo unatoka wapi, akitaka anachungulia simu, kisha anagawa punje. Wiki ya kwanza binti aliweka zote 10 upande mmoja, kama shabiki wa timu. Alipokosa mara tatu akanuna. Wiki ya tatu akaanza kuweka 7 kwa 3, 4 kwa 6. Mwisho wa mwezi tulifungua daftari: siku alizoipa mvua punje 7 zilikuwa 6, na ilinyesha siku 4 kati yake. Si mbaya hata kidogo, na mtu mzima akifanya vizuri zaidi ya hapo aje nimnunulie soda. Cha kushangaza ni kwamba hajaniambia tena kwamba simu imedanganya. Anauliza, "Imeweka punje ngapi?"

Upo mradi wa TAHMO unaoweka vituo vya kisasa vya hali ya hewa, vingi vikiwa mashuleni, katika nchi za Afrika zikiwemo za kwetu, na lengo lake ni vituo 20,000. Vinajiendesha kwa jua na kutuma vipimo kwa mtandao wa simu. Ni kazi kubwa, maana bila vipimo modeli zinabahatisha juu ya bara zima. Kwa mtoto, hata hivyo, kituo kama hicho kina upungufu mmoja: hakina kitu cha kumwaga. Shule yenye kituo ingeweka na chupa pembeni, watoto wasome chupa kwanza ndipo waambiwe kituo kimesema nini.

Turudi kwa fundi. Sikumjibu kama 40 ni nyingi. Nilimuuliza jamvi likiharibika tunapoteza nini. Akahesabu: saruji, kokoto, vibarua sita, siku mbili za kubomoa. Tukiahirisha? Chai na posho ya vibarua sita. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema tusubiri mpaka saa 4 asubuhi, tuazime turubai zima kwa jirani, tumwage nusu ya chumba tu. Mchana ilinyesha, kidogo, mvua ya kuosha majani. Jamvi lilikuwa chini ya turubai.

Kesho yake nilimkuta ameinama mbele ya chupa ya binti yangu, kofia imegeuzwa nyuma, jicho moja amelifumba. "Mbili na nusu," akasema. Kisha akaniuliza kama kuna chupa nyingine, aipeleke saiti yake ya Chanika.